Upande Mtupu wa Karatasi

São Luís, 9 Julai 1986

Kaka Adalgiso, baba yangu wa ubatizo,

Naomba baraka yako. Mimi ni mzima, ukiacha uchovu ambao sasa nimeuzoea. Ngoma za Mtakatifu Yohana zimekwisha, mtaa mzima umelala hoi, ila mimi sikucheza hata usiku mmoja. Nilikuwa dirishani kliniki nikigawa dawa, maana macho ya watu hayana sikukuu. Binti yako Ivanete hajambo? Mwambie kitambaa alichoagiza kinakuja na lori hili hili.

Sasa nisikilize. Ulipokuja mwezi wa sita ulikaa siku mbili, ukapimwa, ukamsikiliza daktari huku unatazama mlango. Nilikusihi ungoje wiki mbili upate kadi ya mgonjwa, maana kadi haitolewi mpaka mwenyewe awepo. Ukasema lori la wachuma majani linaondoka kesho na kadi haina miguu ya kukimbia. Basi umeondoka na lori, na presha ya macho umeondoka nayo. Ni ile ile iliyompofusha mama. Haiumi wala haiwashi, inakula kutoka pembeni. Unakumbuka mama alivyokuwa anaacha chakula upande mmoja wa sahani, nasi tukidhani ameshiba?

Nakutumia chupa moja ya matone. Kliniki inatoa chupa moja kwa mwezi kwa kila mwenye kadi, lakini nimezungumza na watu, wewe usiulize. Weka tone moja kila jicho, mara nne kwa siku, kisha bana kona ya jicho karibu na pua kwa kidole dakika mbili, dawa isishukie kooni. Baada ya robo saa utaumwa juu ya nyusi, kama umevaa kofia ya mtoto. Inabana nusu saa halafu inaachia. Na mboni itakuwa ndogo kama kichwa cha pini, kwa hiyo jioni utaona giza limewahi. Vumilia.

Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa kila saa na kutoka kwa kijia chembamba. Kijia chako kimeziba, maji yanabana, na mshipa wa kuonea unakufa kidogo kidogo. Tone hili linakaza msuli mdogo sana humo ndani, na msuli ukikaza unavuta kile kijia kikafunguka. Halirudishi kilichopotea. Linalinda kilichobaki.

Na hili likuchekeshe. Dawa inaitwa pilokapini, na inatoka kwenye jani la jaborandi. Jani lako. Magunia unayobeba tangu mimi nikiwa msichana ndiyo yaliyomo kwenye hizi chupa. Nimelijua jambo hili siku nyingi, sijui kwa nini sikukuambia.

Mdogo wako,
Zuleide


Barro Vermelho, 11 Agosti 1986

Mdogo wangu Zuleide,

Mungu akubariki. Barua yako imechukua mwezi mzima na imefika na alama ya kikombe cha kahawa cha dereva. Kitambaa kimefika pia. Ivanete ameshakikata, anasema shangazi anajua rangi. Tuko kambini wiki ya tatu, mimi na yeye na wachuma wengine kumi. Mvua bado, maji ya kijito yamekuwa ya kuchota kwa bakuli.

Yale maneno yako ya mwisho niliyasoma mara mbili, kisha nikatoka nikakaa juu ya gunia. Miaka ishirini na mitatu, Zuleide. Nilikuwa nampita mama kizingitini na mzigo mgongoni, naye anapapasa ukuta, ananiuliza, "Ni wewe, Adalgiso? Nasikia harufu ya jani." Nami namjibu, "Ni mimi, mama, sogea nipite." Mnunuzi alituambia jani ni la kutengenezea mafuta ya nywele. Nikaamini, kwa nini nisiamini? Nimewaotesha nywele watu wa dunia nzima, nilidhani, na mama yangu anajigonga mlangoni.

Na wewe ulijua siku nyingi. Sikulaumu. Nimechoka tu.

Matone nimeweka. Kichwa kinauma kama ulivyosema, hata dakika hukukosea. Tabu ni msituni. Chini ya miti mikubwa mchana ni kama jioni, na mboni ikishakuwa pini mimi sioni kitu. Siku hizi hatuvunji tawi kama zamani, tunakata jani kwa mkasi ili kichaka kichipue tena. Juzi nimekata kidole. Msimamizi akanipigia kelele, "Mzee Adalgiso, leo tunapima majani au vidole?" Wakacheka wote, nami nikacheka. Jana Ivanete alinivuta shati kwa nyuma, nyoka alikuwa amejikunja njiani mbele ya mguu wangu. Hakucheka mtu.

Nina swali. Hapa mtu akishikwa na homa wazee humchemshia majani machache akanywa. Anatoka jasho mpaka bembea ya kitambaa anayolalia inadondosha maji, na mate yanamtiririka kama ng'ombe. Kama jani ndilo dawa, si bora nilinywe niachane na vichupa?

Kaka yako,
Adalgiso


São Luís, 14 Septemba 1986

Kaka yangu,

Naomba baraka yako. Joto la huku halisemeki, na feni ya kliniki imekufa tangu Jumatatu. Nimefurahi kidole kimepona, kama kimepona, maana hukusema.

Usinywe. Nimeanza na hilo ili hata ukichoka kusoma uwe umelipata.

Nitakueleza kama ninavyowaeleza wanaouliza dirishani. Kuna neva mwilini ambazo hazingoji amri yako. Zenyewe ndizo zinazosema mate yatoke, jasho litoke, tumbo lisage, kibofu kibane, mboni ifinye, moyo upunguze mwendo. Zikitaka kusema, zinatoa kemikali kidogo, na kemikali hiyo inakwenda kukaa kwenye kiti chake. Madaktari wanaviita vipokezi. Viti vya namna hii vinaitwa vya maskarini, kwa jina la sumu ya uyoga iliyowafanya wavigundue. Kiti kikikaliwa, kazi inafanyika. Pilokapini inakaa kwenye viti hivyo hivyo na kutoa amri zile zile, kama mgeni anayejifanya mwenye nyumba.

Tone la jichoni linakalia viti vya jicho, basi. Lakini ukilinywa jani, linaingia kwenye damu na kukalia viti vyote kwa pamoja. Ndiyo hayo mate na jasho la wazee wako. Likizidi unaharisha, kifua kinajaa maji, na moyo unaambiwa "polepole, polepole" mpaka unatii kabisa. Na jani halina kipimo. La kichaka hiki lina nguvu, la kile halina, nawe huwezi kujua kwa kulitazama.

Nyingine uijue ni atropini. Nayo inakalia viti vile vile, lakini inakaa kimya, haifanyi kazi wala haimpishi mwenye kazi. Mdomo unakauka, moyo unakimbia, mboni inafunguka wazi. Mboni ikifunguka, jicho lenye kijia chembamba kama lako linaweza kuziba kwa siku moja. Kwa hiyo naandika kwa herufi kubwa, na Ivanete asome: MTU YEYOTE ASIKUPE ATROPINI.

Nimekuwekea chupa mbili. Moja imepungua, ni joto.

Kaka, mistari ya barua yako inaishia katikati ya karatasi. Upande wa kulia wote ni mtupu. Unafanya makusudi?

Zuleide


Barro Vermelho, 20 Oktoba 1986

Mdogo wangu,

Mungu akubariki. Kidole kimepona. Ivanete anakusalimu, amekuwa mwepesi wa mkasi kuliko mimi, wananiita baba yake Ivanete badala ya jina langu.

Karatasi ni yangu, nitaandika ninapopenda.

Chupa zimefika. Ile moja haikupungua kwa joto, kizibo chake kilikuwa kimeshakatwa. Na sasa na mimi nikuulize. Uliniandikia kwamba maumivu yanakuja baada ya robo saa, yanakaa juu ya nyusi, yanabana kama kofia ya mtoto. Daktari yule hakusema hivyo, nilikuwepo. Hiyo kofia umeivaa wapi?

Adalgiso


São Luís, 16 Novemba 1986

Kaka,

Naomba baraka yako. Feni wameitengeneza. Mimi niliteleza kwenye ngazi za kliniki, ile ya chini kabisa sikuiona, goti likavimba, sasa limenywea. Wameniazima fimbo ya mgonjwa, wenzangu wananiita bibi. Nawe ungecheka.

Mambo ya kofia nayasikia kwa wagonjwa. Miaka kumi na minne dirishani, mtu anasikia mengi. Kizibo nilikikata mimi nikijaribu kama kinapita vizuri.

Chupa mbili nyingine hizi hapa. Hujaniambia kama bado unaweka. Sasa nakuuliza.

Zuleide


Barro Vermelho, 28 Desemba 1986

Mdogo wangu Zuleide,

Mungu akubariki, na heri ya Krismasi iliyopita. Utaona mwandiko ni wa Ivanete. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kuongeza chake.

Mwanzoni mwa mwezi, mvua za kwanza zilipoanza, nilishikwa na homa kambini. Nikachemsha majani, nikanywa kikombe kimoja, jioni kimoja, asubuhi kimoja. Ndiyo, nilikuwa nimesoma barua yako.

Kwanza mate. Nilidhani ni ya kawaida. Kisha jasho, kisha machozi, pua, tumbo, kila tundu la mwili lilifunguka. Kifua kikaanza kuchemka kama sufuria. Nilimsikia Ivanete akisema, "Baba, niangalie," na mimi nilikuwa namwangalia. Wakanipakia kwenye lori la mnunuzi. Nililazwa juu ya magunia ya jaborandi, saa nne za matope mpaka kituo cha afya.

Nesi pale ni mwanamke mzee, mnene, hana haraka. Alinishika mkono, akahesabu, akafungua kabati. Ivanete akauliza ni sindano gani. Akasema atropini. Ivanete akamkamata kifundo cha mkono.

"Hapana, mama. Shangazi yangu ameandika. Ana presha ya macho, asipewe hiyo."

"Huyo shangazi yuko wapi?"

"São Luís. Anagawa dawa kwenye kliniki ya macho. Barua ninayo hapa, someni wenyewe."

"Sina miwani, na baba yako hana muda. Mapigo ni thelathini na mbili. Hilo povu unaloliona linatoka kwenye mapafu. Anazama, binti, anazama kwenye mate yake mwenyewe, kitandani, mbele yako."

"Lakini ameandika kwa herufi kubwa."

"Basi amwandikie na yule atakayechonga jeneza. Maiti haumwi macho. Mkono nimekupa uushike kwa heshima ya shangazi yako, sasa niachie."

Ivanete akaniangalia. Mimi nilikuwa nasikia yote lakini ulimi haunyanyuki. Akauachia.

Nesi alidunga moja, akangoja, akadunga nyingine, na nyingine. Povu likakatika. Mdomo ukakauka kama nimetafuna unga. Moyo ukashika mbio. Na mboni zilipofunguka, Zuleide, niliona mwanga mwingi ambao sijauona tangu nianze matone. Lakini uso wa Ivanete niliuona kipande tu, pua na jicho moja. Kumbe hata kukiwa na mwanga, pembeni hamna kitu tena.

Usiku wa pili jicho la kushoto lilianza kuuma, likawa jekundu na gumu. Siku tatu nilitapika kwa maumivu. Yalipoisha, jicho lilikuwa limezima. La kulia bado linaona upana wa sahani. Nesi alisema, "Nimechukua jicho, nimekuachia mzee." Nilimshukuru. Ivanete hakumshukuru, alikuwa nje analia.

Adalgiso

Shangazi, baba amelala. Hakuwa na homa. Nilimgusa paji la uso siku ile asubuhi, lilikuwa baridi. Sijui kwa nini alikunywa, na haniambii. Ivanete.


São Luís, 8 Februari 1987

Kaka, baba yangu wa ubatizo,

Naomba baraka yako, ingawa sijui kama nastahili. Barua imenifikia jana, mvua zimekata barabara. Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa.

Nataka niseme jambo moja wazi kabla sijatafuta njia ya kulizunguka. Yule nesi alifanya sawa, mimi nilikosea. Atropini ndiyo dawa ya mtu aliyelewa pilokapini, hakuna nyingine. Inakwenda kwenye viti vile vile na kumwondoa mgeni. Nilijua hivyo nilipokuwa naandika. Ilibaki niongeze maneno machache tu, kwamba asipewe isipokuwa anakufa. Sikuongeza, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilitaka herufi kubwa zinifanyie kazi. Ningekuua kwa herufi kubwa. Mwambie Ivanete hakukosea kuushika ule mkono, na hakukosea kuuachia. Nesi nimemwandikia barua yake.

Tena mimi ndiye niliyekuambia kwamba dawa inatoka kwenye jani. Nilidhani ni kichekesho.

Sasa jibu. Ivanete anasema hukuwa na homa. Ulikunywa kwa nini, na chupa unazo? Jicho moja limebaki na huna ruhusa ya kulichezea. Hizi hapa mbili nyingine. Weka, kaka. Nakuomba kama nilivyokuwa nakuomba unibebe mgongoni kuvuka kijito, weka.

Mimi sijambo. Kazi imepungua, wamenihamisha dirishani, sasa nakaa ndani nafunga vifurushi.

Zuleide


Barro Vermelho, 22 Machi 1987

Mdogo wangu Zuleide,

Mungu akubariki. Anaandika Ivanete, na safari hii nimempa ruhusa ya kuandika kila kitu hata nikikohoa.

Hapa mvua haijapumzika. Kambi imefungwa mpaka ukame, tunakula wali na samaki wa kijito, na paa linavuja pale pale lilipokuwa linavujia wakati wa mama. Mimi nimejifunza kupita kizingitini bila kujigonga. Mkono unatangulia, kama wake.

Umeuliza, najibu. Matone nilitumia ile chupa ya kwanza mpaka ikaisha. Kisha zikaja mbili, moja imekatwa kizibo. Nilikaa na ile chupa mkononi nikafikiria ile kofia ya mtoto. Zuleide, mimi nilikulea. Ulipokuwa na miaka sita ulivunja mtungi ukasema paka, na hatukuwa na paka. Nikajua kwamba hukuzungumza na watu wowote. Kadi ni yako, chupa ni zako, na presha ya macho ya mama tumegawiwa sote wawili. Nikiandika kukuuliza utasema ni joto, utasema ni wagonjwa. Nilikuuliza, ukasema.

Basi nikaona hivi: jani ni langu na chupa ni yake. Msitu mzima umenizunguka, kwa nini nimnyang'anye mdogo wangu kichupa? Nilikunywa kidogo, wiki nzima, kwa kipimo cha kijiko. Sikuona mabadiliko, nikaongeza mpaka kikombe. Ni akili ya mtu aliyebeba jani miaka ishirini na mitatu akadhani analijua. Ulinikataza, na sababu ulinipa, na nilizielewa. Hilo nalo liandike, Ivanete.

Chupa sita zote ziko hapa. Nilizifukia kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi wa maji, ambako hata mwezi wa kumi ni baridi. Nilingoja nipate mtu wa kuaminika wa kuzirudisha. Nilingoja miezi mitano, zikakaa hapo, hazimsaidii mtu yeyote, wewe huna na mimi sitaki. Ukitaka kunilaumu, nilaumu kwa hilo, siyo kwa kikombe.

Nimebaki na mbili. Nimeanza, mara nne kwa siku, Ivanete ananishika kope na kunibania kona ya jicho kwa nguvu kama ananiadhibu. Nne anakuletea dereva, ndani ya kopo la unga wa muhogo. Mwezi wa tano barabara ikikauka nakuja mwenyewe, nitakaa wiki mbili, nitakaa hata mwezi, na lori liende. Tutapanga foleni wote wawili, kila mtu na kadi yake.

Sasa jambo la mwisho. Jana Ivanete alitoa barua zako zote akazipanga mezani, kwa sababu nilitaka anisomee tena ile ya viti. Akazishika mbili, akazilinganisha. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Baba, barua ya Julai shangazi amejaza karatasi mpaka ukingoni. Hii ya Februari mistari inaishia katikati."

Nikamwambia arudie. Akanishika kidole akakipitisha pale maneno yanapoishia, kisha akakivuta kulia, na kulia, mpaka mwisho wa karatasi. Kote huko ni mtupu.

Kwa hiyo usinijibu kwanza. Fungua kopo, ondoa unga, chukua chupa ya juu, keti. Vuta kope. Weka tone kila jicho, bana kona, hesabu dakika mbili. Kofia ya mtoto ikianza kubana, ndipo uchukue kalamu.

Mungu akubariki, Zuleide.

Kaka yako,
Adalgiso